Safari Yetu ya Kwenda Kuona Maporomoko ya Maji ya Materuni



Wasomaji wapenzi, sisi tukaao katika nchi ya Usukuma, kati ya Shinyanga na Geita, tumezoea kuyatafuta maji chini, wala si juu. Mwezi wa nane, mito yetu ikiisha kukauka, mama zetu huchimba mchanga katikati ya mto, hungoja maji yajikusanye, kisha huyateka kidogo kidogo kwa kata. Kwa hiyo mtu akituambia ya kuwa iko nchi ambamo maji huanguka toka juu mchana na usiku, mwaka mzima, twaona kama ni hadithi ya watoto. Basi sasa tumeyaona kwa macho yetu wenyewe, nasi twataka kuwaeleza habari zake. Walakini safari ile haikuwa ya kuyafurahisha macho tu. Ilituzuia tusifanye neno ambalo tungalilijutia sana.

Hatuna budi kuanza na neno hilo. Kigango chetu kina ngitili. Kwa ajili ya ndugu wasomao habari hizi walio mbali na Usukuma, ngitili ni mahali pa majani na miti palipofungwa kwa shauri la wenyewe. Wakati wa mvua ng'ombe hawaingii, wala shoka haliingii bila ruhusa, ili majani yakue yawe akiba ya kiangazi. Ni desturi ya wazee wetu tangu zamani. Ngitili ya kigango yapata ekari 20, nayo tulipewa na wazee wa kijiji wakati kigango kilipoanza. Upande wake wa chini pana kisima kiwanyweshacho watu wa kaya nyingi, Wakristo na wasio Wakristo.

Kanisa letu nalo halina paa. Kuta zimesimama miaka minne sasa, na kila masika mvua huzila. Basi wakaja wafanyabiashara wa miti. Walitaka kununua miti yote ya ngitili ile: iliyo minene waipeleke kwenye machimbo ya dhahabu, maana wachimbaji wadogo huziegemeza kuta za mashimo yao kwa magogo wayaitayo matimba, na iliyosalia waichome mkaa. Bei waliyoitaja ilitosha mabati yote ya kanisa pamoja na misumari yake.

Halmashauri ya kigango ikagawanyika mara mbili. Sisi tuandikao tulikuwa upande wa wale waliotaka kuuza, wala hatuoni haya kukiri. Tulisema, “Mungu ametupa miti hii ili tumjengee nyumba. Kisima kikikauka si neno kubwa, maana maji ya Ziwa Viktoria yalikwisha kufika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 kwa bomba kubwa litokalo Ihelele, nalo siku moja litatufikia na sisi.” Aliyetupinga alikuwa mzee wetu mmoja, mkulima, mtu wa maneno machache. Yeye alisema tu, “Mabati twaweza kuyangojea. Miti hii ikikatwa, sisi wazee hatutaiona tena.” Nasi kwa hasira tukamjibu mbele ya watu wote ya kuwa yeye apenda vichaka kuliko nyumba ya Bwana. Mzee akavaa kofia yake akatoka. Tangu siku ile tulisalimiana kwa midomo tu, na kila Jumapili tulisimama mbele ya Wakristo tukiwafundisha upendo.

Hata mwezi wa Juni, kijana mmoja wa kigango chetu, afanyaye kazi Moshi, akapata mchumba katika nchi ya Uru, mlimani Kilimanjaro. Wazazi wake wakatuomba tuwasindikize arusini. Tulikwenda sisi tuandikao, mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja kiongozi wa jumuiya, na yule mzee, ambaye ni ndugu wa babaye bwana arusi. Katika motokaa ya abiria nafasi zikatolewa, nasi tukajikuta tumeketi bega kwa bega na mzee, safari ya mchana kutwa na zaidi. Tulitazama dirishani, naye akatazama mbele.

Tulipita Nzega na Igunga, tukavuka mbuga ya Wembere, motokaa ikaanza kupanda vilima vya Sekenke. Hapo ndipo mzee alipofungua kinywa. “Mwalimu,” akasema, “si ndipo hapa Wajerumani walipochimba dhahabu?” Tukamjibu kuwa ndipo. Machimbo ya Sekenke yalianza mwaka 1909, na mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu yake ilipigwa fedha kule Tabora, sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mzee akatazama vilima vile kwa kitambo. “Dhahabu imekwenda,” akasema, “mashimo yamebaki.” Hatukumjibu, maana tulijua asemalo. Kwetu Geita nako mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1966, watu wakabaki na mashimo, hata ulipofunguliwa mgodi mpya mkubwa mwaka 2000.

Toka Singida tukaona mlima Hanang umesimama peke yake. Tulipopita Katesh abiria wote wakanyamaza, maana chini ya mlima huo, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe na magogo viliteremka kwa ghafula baada ya mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 80. Mama akaanzisha tasbihi, nasi tukaitikia. Tukapita Babati na Arusha, tukafika Moshi usiku, na Uru siku ya pili yake.

Habari za arusi hatutazieleza sana. Arusi njema zafanana. Lakini nchi yenyewe ilitustaajabisha. Mchaga hukaa katikati ya shamba lake, liitwalo kihamba. Juu husimama miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe hawatembei, wamefungwa zizini, nao huletewa chakula kama wagonjwa. Mzee wetu alicheka sana kwa jambo hili. Kati ya vihamba hupita mifereji myembamba ya maji, ambayo wenyeji huiita mifongo. Wazee wao waliichimba zamani kwa mikono, wakiyatoa maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hata yafike mashambani. Kila mtu ana zamu yake ya kufungulia maji, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake hutozwa faini.

Siku ya pili baada ya arusi, baba yake bibi arusi akatuambia, “Wakwe zangu, ninyi mmetoka nchi kavu. Haifai mrudi bila kuona maji ya Materuni.” Materuni ni kijiji cha juu kabisa upande ule, ukikipita huoni tena nyumba ya mtu, ila msitu. Toka Moshi mjini ni mwendo wa gari usiozidi saa moja. Tulipofika, tukalipa ada kijijini, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alipomwona mzee akainama, “Shikamoo, babu.” Mzee akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu.” Kijana akatutazama miguuni, akasema njia si ndefu: yeye huenda kwa nusu saa, wageni kwa saa moja.

Sisi tukamwambia mzee, “Baba, wewe kaa hapa upumzike, nasi tutakuletea habari.” Twakiri hatukusema hivyo kwa kumhurumia tu, tulitaka kutembea bila macho yake mgongoni. Mzee akajibu, “Mwalimu, nimezaliwa mahali ambapo maji huchimbwa. Sitasimuliwa habari za maji yaangukayo na mimi nipo hapa.” Kijana akamkatia fimbo, tukaondoka.

Mwanzo wa njia ni mwema. Hupita kati ya vihamba, chini ya kivuli, na mifongo yalia kando yako kama watu wanong'onao. Lakini njia hupanda, kisha hupanda, kisha hupanda tena. Miguu yetu ni miguu ya mbugani. Huweza kwenda maili kumi na tano juu ya nchi sawa bila kulalamika, ila haijui kupanda. Kabla ya robo saa kwisha, mwalimu wa shule, ambaye hufundisha watoto mazoezi ya mwili, alikuwa ameshika kiuno. Mama akavua viatu, akavitia kapuni, akaenda kwa miguu mitupu. Naye ndiye aliyefanya akili kuliko sisi sote, maana mvua za masika zilikuwa zimekwisha karibuni tu, na udongo ule mwekundu ulikuwa laini kama sabuni.

Mbele kidogo vihamba vikaisha, bonde likafunguka upande mmoja. Hapo njia huwa nyembamba, imekatwa ubavuni mwa mlima. Mkono mmoja ukuta wa udongo na mizizi, mkono wa pili korongo, na chini kabisa sauti ya mto usiouona. Ukungu ulikuja, ukatufunika, ukaondoka. Tulivuka vijito juu ya mawe yenye utelezi. Mahali pengine wenyeji wamechonga ngazi katika udongo, lakini mvua ilikuwa imezila, na ilikupasa kuweka mguu palepale alipouweka mwenzako. Hatukuzungumza tena, kila mtu alisikia pumzi yake mwenyewe.

Tulianza kusikia maporomoko kabla ya kuyaona. Tulidhani ni upepo mkubwa, ila majani ya miti hayakutikisika. Kijana akasema, “Ndiyo yenyewe.” Kwa kuisikia sauti ile tukafanya haraka, na haraka ndiyo iliyotuponza. Pale njia inaposhuka kuelekea mtoni mguu wetu ukateleza, tukaanguka kwa goti, tukaanza kuteremka kuelekea ukingoni. Mkono ukatushika nguo nyuma ya shingo. Ulikuwa mkono wa mzee. Alikuwa amekumbatia mzizi kwa mkono wa pili, naye alitetemeka mwili mzima, lakini hakuachia hata kijana alipofika akatuvuta juu. Goti lilikuwa limechubuka, na suruali ya arusi imepasuka.

Tukaketi kidogo. Hakuna aliyenena. Kisha mzee akatunyoshea fimbo yake, akasema, “Mwalimu, shika huku, nami nitashika huku.” Basi tukashuka kipande kilichobaki watu wawili kwa fimbo moja.

Sasa tueleze tuliyoyaona. Ukuta wa mwamba mweusi umesimama wima, na maji huanguka toka juu yake hata chini pasipo kupumzika. Wenyeji husema urefu wake ni mita 80 hivi, nasi twaamini, maana mtende juu ya mtende juu ya mtende usingefika. Maji yakiwa juu ni kama kitambaa cheupe. Yakifika katikati hupasuka yakawa moshi. Yakifika chini hupiga mawe kwa kishindo, hata mtu hawezi kumsikia mwenziwe asipomtilia mdomo sikioni. Hapana upepo mahali pale ila upepo wa maji yenyewe. Kwa dakika tano tulikuwa tumelowa kana kwamba tumenyeshewa. Chini pana ziwa dogo lenye mawe, na vijana wageni walikuwa wakioga humo wakipiga kelele kwa baridi. Mama alikinga mikono, akanywa, akacheka, akanywa tena, akajaza chupa ya kumpelekea mamaye.

Mzee alivua kofia, akasimama. Tulimwona akinena peke yake, na machozi na maji vilikuwa kitu kimoja usoni mwake. Hatukumwuliza alisema nini.

Tulipokwisha kurudi nyuma hata mahali ambapo sauti husikika, mzee akamwuliza kijana, “Mjukuu wangu, maji haya yatoka wapi? Ni ile barafu ya juu inayoyeyuka?” Kijana akajibu, “Hapana, babu. Wageni wengi hudhani hivyo. Barafu ni kidogo sana siku hizi. Maji haya hutoka msituni.” Akatuonyesha kwa kidole miti iliyo juu ya mwamba, imevikwa kuvu na ndevu za kijani, na ukungu ukipita kati yake. Akasema mawingu yakigusa miti ile huachia maji, matone huteremka kwa majani na ndevu zile mpaka chini, ardhi huyanywa kama sifongo, kisha huyatoa polepole mwaka mzima. Msitu ukiondolewa, mvua ingenyesha, lakini maji yangeshuka yote siku moja pamoja na udongo, na kesho yake pangekuwa pakavu.

Mwalimu wa shule akathibitisha maneno ya kijana, maana amesoma habari hizo. Alisema toka mwaka 1912 hata 2007 mlima Kilimanjaro ulipoteza sehemu 85 katika kila 100 za eneo la barafu yake. Walakini wataalamu wamepima na kuona ya kuwa mito ya upande huu hulishwa na msitu wa mvua hasa, ambamo hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wala si na barafu. Kwa sababu hiyo ukanda wa msitu uliongezwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kwa sababu hiyo watu hulia mlima unapoungua, kama ulivyoungua Oktoba 2020. Maji yatokayo ubavu huu huteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi chini, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata mto Pangani mpaka baharini, yakizungusha mitambo ya umeme njiani. Tone moja hunywesha wengi ambao hawajapata kuuona msitu.

Kisha mwalimu akaendelea, akatukumbusha mambo ya kwetu. Shinyanga haikuumbwa kavu kama tulivyoizoea. Wakati wa Waingereza watu waliamriwa kufyeka mapori makubwa ili mbung'o wafe, baadaye yakafyekwa mengine kwa kulima pamba, na ng'ombe wakawa wengi kuliko majani. Nchi ikawa wazi kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ndipo serikali ilipoanzisha kazi iitwayo HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nao walifanya jambo la busara: badala ya kuleta desturi ngeni, waliwauliza wazee, wazee wakawaonyesha ngitili. Baada ya miaka ishirini hivi ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800, hekta zaidi ya 300,000, na mwaka 2002 kazi ile ikapewa tuzo ya kimataifa. Majani yakarudi, kuni zikapatikana karibu, asali na dawa pia, na visima vilivyokuwa vikikauka mwezi wa saba vikafika mwezi wa tisa.

Mzee alisikiliza yote hayo akichora chini kwa fimbo. Hakusema, “Je, sikuwaambia?” Laiti angalisema, ingalikuwa nafuu kwetu. Alisema tu, “Mimi nilikuwa mtoto wakati pori la upande wa kwetu lilipofyekwa. Mama yangu alikuwa akitoka na mtungi kabla ya jogoo, akarudi jua limesimama. Kisima cha ngitili kilipopatikana alikuwa amekwisha kufa.” Basi tukafahamu ya kuwa mzee hakuwa akipenda vichaka. Alikuwa akimlilia mamaye.

Tulipokuwa tukirudi tukapita mpaka wa kihamba kimoja, umepandwa mmea wenye majani marefu membamba. Mama akauliza jina lake. Kijana akasema, “Ni sale. Twaupanda mipakani na makaburini. Tena mtu akimkosea mwenziwe, humpelekea jani la sale, na aliyekosewa akilipokea, hana budi kusamehe.” Mwenye kihamba alikuwa karibu akikata majani ya ng'ombe. Tukamwomba jani moja, akatukatia bila kuuliza. Tukamgeukia mzee mbele ya wenzetu, tukamwambia, “Baba, tulikuvunjia heshima mbele ya watu, na maneno yetu yalikuwa ya uongo. Utusamehe.” Mzee akalitazama jani, akacheka, akasema, “Mwalimu, mimi si Mchaga.” Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akalitia katika kitabu chake cha sala.

Labda msomaji mmoja atauliza kama yafaa Mkristo kushika desturi ya namna hii. Jibu letu ni hili. Sakramenti ya Kitubio ni moja, wala hapana jani lichukualo mahali pake. Lakini Bwana wetu alituagiza tupatane na ndugu kabla ya kuleta sadaka yetu altareni, na desturi imsaidiayo mtu kulitimiza agizo hilo si adui wa dini. Tulipofika nyumbani tulikwenda kuungama kwa padre, kisha Jumapili tukakiri kosa letu mbele ya halmashauri, maana mahali pa kosa ndipo pa toba.

Siku ile shauri la ngitili likaletwa tena. Mwalimu akaeleza tuliyoyaona, mama akawaonjesha maji ya chupa yake, na sisi tukasema tumegeuka. Tuliwakumbusha habari za Esau, jinsi alivyouza kwa sahani moja ya chakula kitu ambacho hakuweza kukinunua tena. Naye njaa yake ilikuwa ya kweli, kama haja yetu ya paa ilivyo ya kweli. Kuhusu bomba la Ziwa, mzee mwingine akasema neno zuri: “Likija tutalishukuru. Lakini bomba halioti majani ya ng'ombe.” Kura zikapigwa, ngitili haikuuzwa.

Tusiwafiche ninyi wasomaji yaliyofuata. Watu wawili walikasirika, nao mpaka leo hawajarudi katika halmashauri, twawatembelea. Wale wafanyabiashara walihamia kijiji cha pili, na pori la kule sasa ni visiki na majivu. Kanisa letu nalo halijaezekwa lote. Kwa michango ya kaya na fedha za asali ya ngitili tumepata mabati ya sehemu ya altare, na Wakristo bado husali chini ya mbingu. Masika yaliyopita mvua ilitunyeshea katikati ya Misa, watoto wakakimbilia altareni kwa padre. Mzee alibaki mahali pake, amejifunika gunia kichwani, akiimba.

Ndugu walimu, mkipata nafasi wapelekeni wanafunzi wenu wakaone maporomoko ya Materuni au mengine yaliyo karibu nanyi. Vaeni viatu vyenye kushika ardhi, chukueni nguo ya kubadili, kateni fimbo, msiende bila kijana wa pale, wala msifanye haraka mkisikia sauti. Na ninyi mkaao nchi kavu kama sisi, msihuzunike ya kuwa hamna maporomoko. Nendeni wakati wa kiangazi kwenye ngitili iliyo karibu, mkaketi kisimani, mkatazame jinsi maji yanavyopanda polepole kutoka chini. Kazi ni ileile ifanywayo na msitu wa Kilimanjaro, ila kwetu haina kelele. Basi tuwalindie watoto wetu kisima hicho, na tusimwache ndugu yetu atoke mkutanoni amevaa kofia yake kwa uchungu.